Kupenda Miti na Kuchukia Watu

Mto Msimbazi watoka katika vilima vya Pugu na Kisarawe, wapita Vingunguti penye machinjio na viwanda, washuka Jangwani ubavuni mwa Kariakoo, ndipo uingie baharini karibu na Daraja la Selander. Katika safari yake hiyo fupi hupokea yote ambayo mji hautaki kuyaona: maji ya vyoo, damu ya machinjioni, rangi za viwandani, mifuko na chupa za sokoni. Si ajabu basi kwamba siku hizi wapo watu wengi, hasa vijana, walioingiwa na huruma kwa ajili ya mto huo. Wapanda miti kingoni mwake, waokota takataka, wafundishana habari za hewa na mvua. Vijana Wakatoliki wamo miongoni mwao, nasi twafurahi kwamba wamo.

Lakini pamoja na kazi hiyo njema umezuka usemi mmoja ambao hatuwezi kuunyamazia. Twausikia barazani, twausikia katika daladala, na mara nyingine twausikia hata nje ya mlango wa kanisa, Misa ikiisha: ati bonde litapona siku wale watu watakapofagiliwa. Asemaye hivyo hudhani ameusemea mto. Kwa kweli amesema mambo mawili, wala hayafanani. La kwanza ni kwamba bonde la mafuriko si mahali pa kulaza watoto. Na hilo ni kweli. La pili ni kwamba watu wenyewe ndio takataka. Hilo la pili halikuanza Dar es Salaam. Lina historia yake, na historia hiyo yafaa kila familia ya Kikristo iijue, maana imewahi kuvaa vazi la kupenda miti na wanyama, na chini ya vazi hilo ikaua watu.

Katika Ulaya na Marekani wako watu wanaoitwa wa mrengo mkali wa kulia. Kwa maneno mepesi, ni wale wanaofundisha kwamba taifa ni damu, kwamba damu nyingine ni bora na nyingine ni duni, na kwamba mgeni hubaki mgeni hata akizikwa na kuachia nchi wajukuu. Mafundisho hayo yakisemwa wazi huwachukiza watu wengi. Kwa hiyo wenye akili miongoni mwao hutafuta mlango wa uani, na mlango mmojawapo ni mazingira. Huanza kwa kusifu msitu na mto, na nani atakayebisha? Kisha husema: msitu huu ni wetu, sisi wenye mizizi. Kisha: mgeni ni gugu. Na gugu, kila mkulima ajua, hung'olewa. Msikilizaji aliyeitikia neno la kwanza kwa moyo mweupe hujikuta ameongozwa hadi la mwisho, wala hakumbuki ni wapi alipovuka mpaka.

Tutoe mfano wa mtu wa kwetu, au wa jirani yetu. Ota Benga alikuwa mtu wa misitu ya Kongo, wa wale watu wafupi wanaoitwa Wambuti. Alipelekwa Marekani kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1904 huko St. Louis. Mwezi wa Septemba 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, pamoja na nyani mmoja mkubwa, na watu wakaja kwa maelfu kumtazama. Bustani hiyo iliendeshwa na chama cha waheshimiwa wapenda wanyama, na katibu wake alikuwa mwanasheria mmoja jina lake Madison Grant.

Huyo Grant hakuwa mtu mdogo katika hifadhi ya viumbe. Alisaidia kuwaokoa nyati wa Marekani wasimalizike, na mwaka 1918 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha kuilinda ile miti mirefu ya California ambayo huishi zaidi ya miaka elfu. Lakini mwaka 1916 alitoa kitabu cha kulia kwamba ile aliyoiita jamii kuu ya wazungu wa kaskazini yaangamia kwa sababu ya kuchanganyika na watu duni. Kwake yeye, kulinda mti wa kale na kulinda damu ya kale ilikuwa kazi moja. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kijerumani, kikawafurahisha watu wa Hitler. Na baada ya vita, katika kesi ya madaktari huko Nuremberg, daktari wa Hitler alikileta mbele ya mahakama ili aonyeshe kwamba mawazo kama yale hayakuwa ya Wajerumani peke yao.

Na ni nani aliyesimama kumtetea Ota Benga? Hawakuwa wataalamu wa viumbe. Walikuwa wachungaji weusi wa Kibaptisti wa mjini New York, na mbele yao Mchungaji James H. Gordon, msimamizi wa nyumba ya yatima. Walikwenda bustanini, walikwenda kwa wakubwa wa mji, wakafukuzwa, hawakuacha. Kabla mwezi haujaisha Ota Benga alitolewa, akakabidhiwa kwao. Maisha yake hayakupona. Mwezi wa Machi 1916, mwaka ule ule wa kitabu cha Grant, alijipiga risasi akafa huko Lynchburg, Virginia. Chama kile cha wanyama, ambacho leo chafanya kazi katika nchi nyingi hata Afrika, kiliomba radhi kwa kisa hicho na kwa maandishi ya Grant mwaka 2020. Hesabuni wenyewe: ni miaka 114.

Ujerumani yenyewe ilifanya mambo kwa utaratibu zaidi. Serikali ya Hitler ilitoa sheria ya kulinda wanyama mwaka 1933 na sheria ya kulinda mazingira mwaka 1935, nayo ilisifiwa kuwa sheria nzuri. Waziri wake wa kilimo, Walther Darré, alihubiri damu na ardhi, kana kwamba vitu hivyo viwili vilifungwa ndoa. Miaka michache baadaye, mwaka 1941, vijiji vya msitu wa Białowieża katika nchi iliyotekwa vilichomwa na wakazi wake kwa maelfu wakafukuzwa, na wengine kuuawa, msitu upate kuwa mahali pa uwindaji pa Hermann Göring. Wanyama wale walikuwa na sheria ya kuwalinda. Watu hawakuwa nayo.

Kanisa lilisema. Mwaka 1937 Papa Pius XI aliandika waraka kwa lugha ya Kijerumani, jambo lisilo la kawaida. Ukachapwa kwa siri, ukasomwa makanisani mote Ujerumani Dominika ya Matawi. Alifundisha humo kwamba mwenye kuifanya jamii ya damu, au taifa, au dola kuwa kipimo cha juu cha mambo yote, amejichongea sanamu na kuipindua taratibu ya Mungu. Twawaomba wasomaji walikumbuke neno hilo, sanamu. Mti mzuri waweza kuwa sanamu. Nchi nzuri vivyo hivyo. Uzuri wao si kosa; kosa ni kuviweka mahali pa Mungu, maana sanamu haikosi kudai sadaka ya watu.

Sasa turudi nyumbani, na hapa twataka kusema kwa haki, bila kupaka watu matope. Filamu iliyoitangaza Serengeti duniani ilitolewa mwaka 1959 na Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambaye mwanawe Michael alikufa kwa ndege katika kazi hiyo na kuzikwa Ngorongoro. Kumbukumbu za Ujerumani zaonyesha kwamba Grzimek aliwahi kuandikishwa katika chama cha Hitler mwaka 1937. Hatusemi kwamba alikuja kwetu kwa kazi ya chama hicho. Hakuna haki katika kusema hivyo. Aliwapenda wanyama kweli kweli, na twiga na nyumbu wa leo wana deni kwake. Lakini alishikilia kwamba ndani ya hifadhi asikae mtu yeyote, hata mwenyeji, na mwaka ule ule wa 1959 Wamasai walihamishwa Serengeti, wakapewa Ngorongoro wakae pamoja na wanyama. Tangu hapo sura ya Afrika iliyokaa katika mawazo ya watu wengi wa ng'ambo ni uwanda wenye simba na usio na mtu. Si lazima uwe mfuasi wa Hitler ili uipende sura hiyo. Ndiyo maana ni ya hatari: humwandalia mtu mbaya kiti, naye mtu mwema asijue kwamba ameandaa.

Nasi wenyewe tumewahi kuteleza bila kufundishwa na mgeni. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,000 na kitu hadi 43,000 hivi, kwa sababu ya majangili. Hasira ya taifa ilikuwa ya haki. Mwezi wa Oktoba 2013 ikaanza Operesheni Tokomeza. Baada ya wiki chache tu Bunge lilikuwa likielezwa habari za raia kuuawa, kuteswa, wanawake kuingiliwa kwa nguvu, ng'ombe kupigwa risasi. Operesheni ikasitishwa, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakaziacha nafasi zao. Waliofanya maovu hayo hawakuwa na mafundisho yoyote ya damu bora. Walikuwa na jina tu la kuwaita watu, nalo jina lilitosha. Ukimwita mtu jangili kabla ya kumpeleka mbele ya hakimu, mkono huwa mwepesi.

Mtu atasema: hayo ni ya zamani, na mengine ni ya mbali. Tarehe 15 Machi 2019, katika mji wa Christchurch, New Zealand, mtu mmoja aliwaua Waislamu 51 waliokuwa katika sala ya Ijumaa. Katika maandishi yake alijitaja kuwa mlinzi wa mazingira wa namna ile ya kibaguzi. Tarehe 3 Agosti mwaka huo huo, mwingine aliwaua watu 23 dukani huko El Paso, Marekani, wengi wao wenye asili ya Meksiko, akiandika kwamba nchi yaharibika na dawa yake ni kupunguza watu. Askofu wa El Paso, Mhashamu Mark Seitz, alitoa barua ya kichungaji mwezi wa Oktoba, akauita ubaguzi wa rangi kwa jina lake. Na mawazo ya wauaji hao hayahitaji meli tena ili yafike Kariakoo. Hukaa ndani ya simu ya kijana aliyetafuta tu habari za kupanda miti.

Huko simuni hoja yao kubwa ni kwamba Waafrika wazaa mno, na kwa hiyo dunia yafa. Wazazi Wakatoliki, mtasikia jambo hili mezani penu. Muwe na jibu. Afrika ina karibu moja ya tano ya watu wa dunia, lakini hewa chafu ya ukaa itokayo kwetu ni karibu sehemu 4 tu katika kila 100. Anayetaka kujua ni nani anayeichosha dunia na ahesabu matumizi, asihesabu watoto wachanga. Ndivyo alivyofundisha Papa Fransisko, marehemu sasa, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015: katika namba ya 50 asema kwamba kulaumu wingi wa watu na kuacha kulaumu ulafi wa wachache ni kukwepa swali lenyewe, na katika namba ya 91 afundisha kwamba umoja wetu na viumbe si wa kweli ikiwa mioyo yetu haina huruma kwa binadamu wenzetu. Waraka huo watosha kusomwa na jumuiya ndogo ndogo kwa muda wa Kwaresima moja. Twashangaa kuona ni jumuiya chache zilizokwisha kuusoma, ingawa wote twautaja.

Je, chama cha mazingira chaweza kujilinda? Chaweza, na mfano upo. Sierra Club ni chama cha wapenda milima na misitu cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1892. Mwaka 1998 baadhi ya wanachama walitaka chama kitangaze kwamba wageni wapunguzwe nchini kwa ajili ya mazingira. Ikapigwa kura, na karibu sita katika kila kumi wakakataa. Walioshindwa hawakulala. Chama hicho huongozwa na halmashauri ya watu 15, na kila mwaka viti vitano hupigiwa kura. Tena kwa kawaida wanachama wengi hawajishughulishi kupiga kura. Basi mwaka 2004 wakasimama wagombea wenye nia ileile, na makundi ya nje yenye chuki kwa wageni yakawahimiza wafuasi wao walipe ada, wawe wanachama, wapige kura. Angalieni ujanja wake: hakuna aliyevunja sheria hata moja. Chama cha watu zaidi ya laki saba kilikuwa karibu kutekwa kupitia mlango wake wenyewe uliokuwa wazi, kwa uvivu wa wenyeji.

Kilichowaokoa hakikuwa polisi. Viongozi wao wa zamani waliandika kuwaonya wanachama, wakiwataja wagombea na kueleza ni nani aliyekuwa nyuma yao. Na wanachama, ambao miaka mingine huiacha karatasi ya kura kabatini, safari hii walipiga kura kwa wingi usio wa kawaida. Wagombea wale walishindwa vibaya. Huko Ujerumani nako, chama kidogo cha mazingira kilichoanzishwa na Herbert Gruhl kilipitisha azimio mwaka 1989 la kujitenga wazi na vyama vya mrengo mkali wa kulia. Gruhl hakupendezwa nalo, akakiacha chama alichokiasisi. Ilikuwa hasara kwao kumpoteza mtu maarufu. Walikubali hasara hiyo.

Twarudi Jangwani. Mvua ya Desemba 2011 iliua watu wapatao 40 katika mji wa Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikapewa viwanja Mabwepande, upande wa Bunju, mbali na soko na kibarua; wengine wakarudi bondeni. Desemba 2015 nyumba zilitiwa alama ya X nyekundu na nyingine zikavunjwa, mpaka mahakama ilipoingia kati. Baadaye ukaja mradi wa kuliendeleza bonde, kwa fedha za Benki ya Dunia, Hispania na Uholanzi, wenye tathmini ya nyumba na malipo ya fidia, jambo ambalo mwaka 2015 halikuwapo. Kama fidia yatosha au haitoshi, wakazi na Serikali wazungumze, na sheria ipo. Sisi hatuna ugomvi na kuhamisha watu kutoka mahali pa kifo; padre aliyewahi kuzika watoto wa mafuriko hawezi kuwa na ugomvi huo. Ugomvi wetu ni na lugha inayotangulia tingatinga.

Kwa hiyo kijana wetu anayetaka kuingia katika chama cha mazingira na aingie, tena aingie kwa moyo wote, ila asiingie kama mtu aliyelala. Na asome katiba ya chama, ajue fedha zatoka wapi, ahudhurie uchaguzi hata kama ni wa katibu msaidizi. Na asikilize majina ambayo watu huitwa mkutanoni. Mfugaji akiitwa mharibifu hata kabla hajataja ng'ombe wake. Mhamiaji kutoka Kongo au Burundi akiitwa mvamizi. Mpangaji wa bondeni akiitwa uchafu. Hapo mwanachama Mkristo asimame aseme: Bwana Mwenyekiti, neno hilo lifutwe katika kumbukumbu. Likifutwa, kazi iendelee. Lisipofutwa, aandike barua, atafute wenzake, apige kura. Kuondoka iwe ni hatua ya mwisho kabisa, maana kiti alichokiacha hakitakaa wazi hata juma moja.

Jina lenyewe la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza wa Vita ya Kwanza ya Dunia, watu waliobeba mizigo ya jeshi na kufa kwa makumi elfu kwa njaa na maradhi. Walihesabiwa kwa mizigo yao, na wengi hawana hata kaburi lenye jina. Wajukuu wa mji huo wasukuma mikokoteni leo katika mitaa ileile, na wengi wao hulala bondeni Jangwani kwa sababu ndipo kodi ya chumba wanayoimudu ilipo.

Hao ndio wanaopaswa kuwa katika kamati ya mto. Wao wajua maji hupandia upande gani kwanza, ni mtaro upi uliozibwa na mabaki ya maduka makubwa, ni kiwanda kipi hufungulia maji yake usiku. Parokia na vigango vya mjini vyenye vikundi vya mazingira na viwaalike kabla ya masika, viwape nafasi ya kusema kabla ya mgeni rasmi, tena siku isiyo ya kazi, maana mtu wa mkokoteni akikosa siku moja hakuna anayemlipa.